Al-Inkishafi na Kuta za Kaole

Jamaa wa Mlingotini wakiwachukua watoto wao kwenda Kaole huwaonyesha magofu ya misikiti miwili ya mawe ya matumbawe na makaburi, mengine yakiwa na nguzo. Mtoto huuliza: ni nani waliokaa hapa, na walikuwa wakisemaje? Ukuta haumjibu. Ama mtoto anayepelekwa na wazazi wake Granada, Hispania, katika kasri la Alhambra lililojengwa na masultani wa Andalusi, hukuta ukuta wenyewe unasema. Mashairi ya Kiarabu yamechongwa humo, na lile lizungukalo beseni la chemchemi ya Simba ni la Ibn Zamrak (1333–1393), mshairi aliyekuwa pia waziri. Mara nyingi msemaji wa mashairi hayo ni chumba au chemchemi, ikijisifu na kumsifu mwenye nyumba.

Pwani yetu haikunyimwa ushairi wa majumba. Umewekwa pahala pengine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyakuta majumba ya Pate yamekwisha kuanguka, na katika Al-Inkishafi akayasimamisha tena kwa maneno: taa zikiwaka, sahani zikiwa katika vidaka, kisha makinda ya ndege katika vidaka hivyo hivyo, popo juu, na mende wakivuma ndani.

Aghalabu utungo huu husomwa kama waadhi tu: dunia yapita, moyo na uzinduke. Waadhi umo, wala haukanushiki. Lakini usomaji huo unampunja mshairi. Anayeidharau nyumba hahesabu vidaka vyake. Mshairi anaukemea moyo wake kwa kuwa bado unaipenda dunia ile, na mapenzi hayo ndiyo yanayoutia waadhi uchungu.

Umbo la utungo lashuhudia hayo. Kila mshororo una mizani kumi. Mishororo mitatu ya kwanza ya kila ubeti huwa na kina chake, na wa nne hurejea kwenye kina kimoja tangu mwanzo hata mwisho. Vina vya juu hubadilika kama wenye nyumba. Kina cha chini hubaki kama boriti.

Hapo ndipo tungo hizi zinapoachana. Shairi la Alhambra likibanduliwa ukutani, neno lake “hapa” hukosa pa kuelekea. Utungo wa Pate hauhitaji ukuta wowote. Kweli, haumwambii mtoto wa Mlingotini majina ya waliozikwa Kaole, na lahaja yake ya kaskazini itamtaka mzazi afafanue neno baada ya neno. Lakini utamfundisha kulitazama gofu kama nyumba iliyokuwa na taa. Mzazi aendaye Kaole, pamoja na maji na chakula, na auchukue utungo huu.