Buluu ya Bendera Yetu

Katika miaka yangu ya kukagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wa ualimu, niliwahi kumpunguzia alama kijana mmoja kwa kosa ambalo leo naliona lilikuwa langu. Alikuwa akifundisha bendera ya taifa katika shule ya msingi iliyo ukingoni mwa Ziwa Victoria, hapa Mwanza. Ubaoni aliandika kama tulivyozoea: kijani ni ardhi na mimea, njano ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni bahari. Mtoto mmoja wa wavuvi wa dagaa akanyosha kidole: "Mwalimu, na ziwa letu je, liko wapi?" Mwanachuo akasita, akaweka chaki chini, akawaacha watoto wabishane. Kengele ikalia zoezi halijaandikwa. Nami nikajaza katika fomu: "Amepoteza mtiririko wa somo."

Swali lile limenifuata hadi kwenye ustaafu. Tatizo letu walimu ni kwamba tumeifundisha bendera kama jedwali la kuzidisha: rangi upande huu, maana upande ule, mtoto akariri. Lakini rangi hizi zilikuwa na historia kabla ya kupewa maana hizo. Kijani na nyeusi zilikuwa rangi za TANU, chama kilichozaliwa Julai 7, 1954. Uhuru ulipofika, Desemba 9, 1961, michirizi miwili ya njano ikatiwa kati ya rangi hizo, na hiyo ikawa bendera ya Tanganyika. Ndiyo aliyoisimika Luteni Alexander Nyirenda kileleni mwa Kilimanjaro, nami nikiwa mtoto wa miaka 10 hivi. Huko Zanzibar, bendera nyekundu ya Sultani iliondoka kwa Mapinduzi ya Januari 12, 1964, na kabla ya mwezi ule kwisha ikapepea yenye buluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi. Nchi mbili zikaungana Aprili 26, na bendera ya sasa ikapatikana Juni 30 mwaka huohuo.

Husemwa kwamba bara ilileta kijani na nyeusi, visiwa vikaleta buluu. Hapo sikubaliani. Kijani na nyeusi zilikuwamo katika bendera zote mbili. Kila upande ulileta rangi moja tu ambayo mwenzake hakuwa nayo: Tanganyika njano, Zanzibar buluu. Ndoa ile ilikuta vyombo vingi vya nyumbani vimekwisha kufanana.

Na tazama, ndugu msomaji, ufundi wa mchoro wake. Bendera zile mbili zilikuwa na mistari ya kulala, na katika mistari ya kulala lazima mmoja awe juu na mwingine chini. Bendera ya Muungano ikauinua mstari mweusi, ukaanza chini penye mlingoti na kupanda hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kijani ikashika mlingoti, buluu ikashika upepo, na watu wakawa katikati, wanapanda. Tunao msemo wa dharau kwamba bendera hufuata upepo. Hii yetu, kwa jicho langu, inafuata upepo huku imeshika ardhi.

Basi buluu ilitujia kutoka visiwani, kutoka kwa watu waliozungukwa na bahari, na si ajabu kwamba bahari ilitajwa kwanza. Lakini maelezo kamili ni bahari, maziwa na mito. Ni sisi walimu tuliofupisha. Nimezaliwa kwenye ukingo wa ziwa hili, nimekunywa maji yake na kula samaki wake, na nilifundisha "bahari" miaka mingi kabla sijaiona kwa macho.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Taifa likaomboleza siku 3. Baadhi ya marehemu tuliwazika Igoma. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na bendera zikapepea nusu mlingoti siku 4. Siku moja kati ya hizo nilisimama mbele ya ofisi moja ya serikali nikaitazama ile buluu imeshushwa, nikajua ni maji gani. Yanatulisha, na yametuzika. Hakuna aliyehitaji kuniandikia ubaoni.

Kama ningepewa tena fomu ile, ningeandika kwamba swali la mtoto ndilo lililokuwa somo, na kwamba mwalimu alikuwa na busara ya kuweka chaki chini. Kijana yule sikumtafuta kumwambia hayo. Namwambia humu.