Usimvue Guka Kofia

Picha yenyewe inaenea kiganjani. Guka amesimama wima, mikono ubavuni, sare ya KAR imepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Kichwani ana tarbushi, ile kofia ya mfano wa kikopo yenye kishada. Nyuma yake kuna daraja. Si daraja la Mathioya wala lolote lile la Murang'a. Ni daraja la mbao lililopinda kama mgongo wa paka aliyekasirika, juu ya kidimbwi chenye maua. Daraja la Kijapani. Limechorwa kwenye pazia la studio, na ukitazama kona ya chini unaona pazia limekunjamana na sakafu ya simiti inachungulia. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa penseli: 1946.

Familia inapanga ibada ya kumkumbuka, na binamu yangu amepewa kazi ya kutengeneza jalada la kijitabu. Juzi akairusha kazi yake kwenye grupu la WhatsApp. Tarbushi haipo. Daraja halipo. Guka ana kichwa wazi, na nywele ambazo hakuna mtu aliye hai anayezikumbuka. Nyuma yake ni Mlima Kenya, theluji safi, anga ya buluu. Watu wakajaza mioyo myekundu. Mimi sikuweka kitu, na binamu akaona.

"Shida iko wapi?" akaniandikia. "Ile kofia inamfanya akae mtu wa wakoloni. Na hilo daraja ni la nini? Sisi ni watu wa Murang'a."

Mimi ndiye yule wa familia aliyeacha chuo mwaka wa pili na sasa anaandika makala za kulipwa kwa M-Pesa, kwa hivyo maoni yangu kwenye grupu yana uzito wa unyoya. Lakini swali la binamu ni zuri. Anauliza vitu vya wageni vinafanya nini ndani ya picha yetu. Hilo ni swali la uhakiki, acha nilijibu hivyo.

Tuanze na kofia. Mwaka 1826 Sultani Mahmud II wa Uturuki alivunja jeshi la zamani la Janissari, akaunda jipya, na muda si muda wanajeshi wake wakavalishwa tarbushi. Misri ilikuwa chini ya dola hiyo, na jeshi la Misri likaipeleka kofia hadi Sudan. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard aliwachukua wanajeshi wa Kisudan waliokuwa wa Emin Pasha na kuwaleta Uganda, na kutoka kwa vikosi kama hicho ikazaliwa KAR mwaka 1902. Hawakuja na kofia tu. Walikuja na vyeo: ombasha, kutoka neno la Kituruki la mkuu wa watu kumi; shaushi; na efendi. Hilo la mwisho unalitumia hadi leo, tena kwa sauti ya chini, ukisimamishwa barabarani usiku: afande.

Kwa hivyo guka kwenye picha ni mwanajeshi wa Kituruki ambaye hajawahi kuiona Uturuki. Na cha kuchekesha, huko kwenyewe Atatürk alikuwa ameipiga marufuku kofia hiyo tangu 1925. Mwaka 1946 mtu wa Istanbul angeshtakiwa kwa kuvaa kitu ambacho kijana wa Fort Hall alikivaa kwa fahari.

Sasa daraja. Wajapani walijenga madaraja ya mbao yaliyopinda kwa sababu zao. Lile la Kintai, mjini Iwakuni, lilijengwa 1673 likiwa na matao matano, baada ya mafuriko kubeba madaraja yaliyolitangulia. Mtu yeyote wa migongo ya Murang'a, anayejua mto ukifura Aprili unafanya nini, anaielewa hesabu hiyo. Lakini daraja lililofika studio halikutoka kwa mafundi. Lilitoka kwenye picha za picha. Mwaka 1857 Hiroshige alichapisha picha ya watu wakikimbia mvua ya ghafla juu ya daraja la mbao. Miaka thelathini baadaye Van Gogh akainakili kwa rangi za mafuta, akaizungushia herufi za Kijapani alizozitoa kwenye picha nyingine. Monet naye akajenga daraja kama hilo bustanini kwake Ufaransa, akalichora tena na tena, na Japani hakukanyaga. Kufikia wakati wa guka, daraja hilo lilikuwa pambo tu, alama ya mahali pazuri ambapo hakuna anayefanya kazi.

Hapo ndipo picha inanishika koo. Huyu mtu aliyesimama mbele ya daraja la Kijapani alikuwa ametoka kupigana na Wajapani. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw, Burma, wakati wa mvua kubwa, kwenye matope na malaria, hadi Kalewa. Desemba wahandisi wa jeshi wakaunganisha vyuma juu ya mto Chindwin, daraja la mita 350 hivi. Guka alisimulia daraja moja tu maishani mwake, na ni hilo. Alisema lilikuwa likinesa ukilivuka. Kisha akarudi nyumbani, akalipa studio, akasimama mbele ya daraja la adui lililochorwa maua. Sijui kama alitabasamu ndani kwa ndani. Usoni hakuna dalili.

Je, yeye ndiye aliyechagua pazia? Pengine lilikuwa moja tu studio nzima. Lakini mapazia haya hayakuwa ya kumdanganya mtu. Miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walikuwa bado wanachora meli na ndege nyuma ya wateja wao, na hakuna mteja aliyedhani mama yake ataamini kweli alipanda ndege. Pazia lilikuwa sentensi: niweke hapa. Ndiyo maana kona ile iliyokunjamana naipenda. Inaonyesha mshono.

Binamu akajibu kwa hoja kali kuliko nilivyotarajia. "Basi twende kanisani ukamkosoe Elimo Njau."

Hapo alinipata. Kanisa la ukumbusho hapa Murang'a, la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote, lina michoro mitano ya ukutani iliyochorwa 1959 na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesoma sanaa Makerere. Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba. Na Yesu ni Mwafrika, na nchi aliyomo ni hii yetu. Yesu hakuzaliwa Murang'a, kila mtu anajua. Njau naye alivua nguo na kubadilisha pazia. Tofauti ni ipi?

Nilirudi kutazama, nikakaa kwenye benchi hadi mfagiaji akaniuliza kama niko sawa. Jibu langu ni hili. Mchoraji yeyote anayeleta hadithi ya mbali lazima aivishe kitu, na anachoivisha kinamtaja yeye. Mwaka 1508 Albrecht Dürer alichora wafiadini elfu kumi wa zamani sana wakiuawa, na wauaji akawavika kilemba na mavazi ya Waturuki wa siku zake. Konstantinopoli ilikuwa imeanguka 1453, na Ulaya ilikuwa na hofu. Ule mchoro haukufundishi lolote kuhusu Waturuki. Unakufundisha Dürer na majirani zake walimwogopa nani. Alipohitaji mtu mbaya, mchoraji wa Ulaya alimwazima Mturuki. Alipohitaji uzuri, aliazima daraja la Mjapani. Wenyewe hawakuulizwa.

Njau alifanya kinyume. Watu wa hapa waliokuwa wakichorwa kama umati nyuma ya mzungu fulani aliwaweka katikati, na tena ndani ya kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka 1959 vidonda vilikuwa vibichi, na mtu aliyepoteza ndugu upande wa msitu angeweza kuuliza ukumbusho wake uko ukuta gani. Michoro haimjibu moja kwa moja. Lakini msalaba uliosimamishwa kwenye ardhi hii, na mwili mweusi juu yake, haukubali kumilikiwa na upande mmoja. Hiyo ndiyo nguvu yake. Na hakuna anayetoka pale akidhani ameona picha ya kamera. Njau alibadilisha wazi, mbele yetu.

Kazi ya binamu inaficha mshono. Miaka ishirini kutoka sasa mtoto atafungua kijitabu, aone mtu mwenye nywele nyingi chini ya theluji, na aamini kamera ilimwona hivyo. Na kama picha ya Dürer ilivyo ushahidi wa hofu yake, hii itakuwa ushahidi wa aibu yetu. Tunajua aibu ni ya nini. Kuhusu 1953 hadi 1956 guka hakusema neno, na sisi hatukuuliza. Tunaogopa kofia itasema. Lakini kofia haijui. Waruhiu Itote wa Nyeri alivaa sare hiyohiyo, akapigana Burma hiyohiyo, kisha akaingia msituni akawa Jenerali China. Wengine walirudi wakashika bunduki upande wa pili. Tarbushi ya 1946 haimhukumu guka wala haimtakasi. Ukiivua, umefuta kitu pekee tulicho na hakika nacho.

Jumapili nilimpelekea shosho picha zote mbili. Ile ya theluji aliishika kidogo, akaniuliza ni ya nani. Ile ndogo akaileta karibu na jicho lake zima.

"Ilikuwa nyekundu," akasema. "Niliikuta kwenye sanduku nilipoolewa. Halafu siku moja wakati wa Hali ya Hatari akaizika shambani, usiku, na hakuniambia kwa nini."

Nikamuuliza wapi. Akaonyesha kwa kidevu upande wa migomba, akanyamaza.

Kijitabu kinaenda kuchapwa Ijumaa. Nimemwomba binamu aache kila kitu: kofia, daraja, hata ile kona iliyokunjamana. Amesoma ujumbe, alama mbili za buluu zipo. Bado hajajibu.