Gundi Haikuwa na Kazi Pale

Kipindi cha watoto cha Jumamosi kilianza vizuri. Darubini za vibomba vya karatasi ya chooni, kifuu cha maji kilichotundikwa kivulini, kisha kuwatazama minana wakiwa kazini juu ya mnazi: safi, sina neno. Kilichoharibu ni gundi.

Mmeona wenyewe. Mwalimu aliwagawia watoto nyasi kavu na pete ya kijiti wasuke kiota kama cha mnana. Mtoto mmoja wa shati la kijani akapitisha unyasi juu, akauzungusha chini, ukakatika. Akachukua mwingine, nao ukakatika. Ulimi umemtoka pembeni ya mdomo, anatafuta wa tatu. Hapo ndipo mwalimu alipoichukua pete mkononi mwake, akaipaka gundi, akabandika nyasi zote kwa mkupuo mmoja na kumrudishia kiota kilichokwisha. Mtoto akabaki amekishika, hana la kufanya. Uamuzi mbovu, na sioni utetezi wake.

Mnana hasuki kwa nyasi kavu. Dume hung'ata ukingo wa ukuti mbichi, akaruka, na chane ikachanika ikimfuata. Huanza na pete. Huikanyaga chane kwa mguu, huisukuma ncha kwa mdomo, huivuta upande wa pili. Ubichi ndio unaoifanya ipinde bila kuvunjika. Jike akija kukagua, kiota kilichogeuka kahawia mara nyingi hukikataa, na dume hukibomoa aanze upya. Na ukuti mbichi haukuwa mbali: kamera ilikuwa juu ya mnazi muda mfupi kabla, na makuti yananing'inia uani!

Nimelisema tangu kipindi hiki kilipotuletea macho ya plastiki ya kubandika, na nalirudia: mtoto wa miaka minne aachiwe vidole vyake vifanye kazi. Friedrich Froebel, aliyeanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliwapa watoto vipande vya karatasi wasuke juu na chini. Bibi zetu wa Pwani walitupa ukuti, wakasuka ndege mbele yetu, nasi tukaiga. Ndege wa kwanza alitoka kama kichane cha ndizi, na hakuna aliyetunyang'anya amalize yeye.

Nicholas na Elsie Collias, waliowachunguza minana kwa miaka mingi, waliwanyima madume wachanga majani ya kusukia. Walipokuja kuyapata, walisuka vibaya kuliko wenzao waliochezea chane tangu wadogo. Huyo ni ndege, na ufundi amezaliwa nao. Sembuse mtoto anayepokonywa pete?

Dawa ilikuwa pale pale: chane mbichi za ukuti, pana kama kidole, mwalimu ashike pete, mtoto apitishe. Kiota kikilegea, kilegee.

Wiki ijayo wametangaza bundi. Naomba gundi ikae kabatini mpaka watoto wenyewe waseme wamemaliza.