Mutu moja, gitare moja: kusikiliza upya Jean Bosco Mwenda

Bandugu, hapa Lubumbashi jina la Jean Bosco Mwenda wa Bayeke tunalijua, lakini ni bachache banasikiliza muziki yake. Tunasema ni mambo ya bazee. Mi nimeirudilia mwezi huu, na naona tunajinyima kitu.

Anza na "Masanga", ile Hugh Tracey alirekodi mwaka 1952 kule Jadotville, njo Likasi ya leo. Mwenda, mutoto wa Bunkeya, alikuwa na miaka kama 22. Hakuna ngoma, hakuna besi, gitare moja tu. Anapiga na vidole viwili: gumba inashika mwendo kule chini, kidole cha pili kinachonga melodia juu yake, na mara nyingi haviangukii pamoja. Kwa mutu wa kilimo, inafanana na mahindi na maharagwe katika shamba moja: kila mumea una mwendo wake, udongo ni ule ule.

Wengine wanasema sauti hiyo ni mbichi, kama kazi inayongojea orkestra ije kuimaliza. Hapo sikubali. Ongeza besi, gumba itakosa kazi. Ongeza gitare ya pili, kile kidole kitapotea. Kazi imekwisha tayari.

Linganisha na rekodi alizofanya Cape Town mwaka 1988, miaka miwili mbele ya kufa katika ajali ya barabara kule Zambia. Studio ni safi, vidole bado vina akili. Lakini masikio yangu yanarudi kwa ile ya 1952, kwa sababu pale kijana anakimbia, na akijikwaa hakuna wa kumufunika.

Tena nyimbo zake nyingi ziko katika Kiswahili, lugha ile tunaimeza tukiingia auditorio. Gitare hiyo na lugha hiyo vilimufikisha Newport, Marekani, mwaka 1969.

Nawaambia hii kwa sababu vijana wengi wenye kipaji hapa kwetu wako wanangojea pesa ya studio ndipo waanze. Leo usiku musikilize "Masanga" mara mbili: mara ya kwanza mufuate gumba peke yake, mara ya pili kile kidole. Kisha mutuambie hapa chini ni nini inakosekana.