Kumung'unya Maneno: Tafakari juu ya Filamu Mbili za Vijana

Filamu ya Funny Ha Ha, iliyotolewa mwaka 2002 na mwongozaji Andrew Bujalski wa Marekani, yaanza kwa msichana kunyimwa alama. Marnie, aliyemaliza chuo karibuni na ambaye bado hana kazi ya kueleweka, aingia usiku katika duka la wachora tatuu hali amelewa. Mchoraji aiona hali yake, akataa kumchora. Hakuna mahubiri wala ugomvi, naye aondoka kama alivyoingia. Mtazamaji mwenye haraka aweza kudhani kwamba hicho ni kichekesho cha kufungulia tu. Mimi naona humo filamu nzima kwa ufupi, maana tangu hapo tutamtazama mtu atafutaye kitu kimoja kisichofutika, katikati ya marafiki ambao kila walisemalo laweza kufutwa kesho yake.

Filamu hii ilipigwa kwa mkanda wa milimita 16 mjini Boston, kwa fedha kidogo, na wengi waonekanao humo ni rafiki za mwongozaji. Kate Dollenmayer, aigizaye Marnie, hakuwa mwigizaji kwa kazi yake, na Bujalski mwenyewe amejipa sehemu ya Mitchell, kijana wa ofisini mwenye haya nyingi. Baadaye zilifuata nyingine za jinsi hiyo, na mwaka 2005, wakati wa tamasha la filamu la Austin, Texas, fundi wake wa sauti, Eric Masunaga, akazipachika kwa utani jina lenye maana ya filamu za kumung'unya maneno. Jina likashika kuliko wahusika walivyopenda. Si ajabu kwamba aliyelitoa ni mtu wa sauti, maana ndiye aliyepata taabu ya kuyanasa maneno hayo.

Lawama ya kawaida juu ya filamu hizi ni kwamba hakuna litokealo. Sikubaliani nayo. Tutazame jinsi Mitchell anavyomwendea Marnie. Yeye ampenda, lakini Marnie hampendi vivyo, kwa kuwa moyo wake uko kwa Alex. Wala hakuna kati yao awezaye kulisema jambo hili moja kwa moja. Sentensi yaanza, yasita, yageuzwa mzaha, kisha yaombewa radhi. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na vijana hawa, kana kwamba wameielewa methali hiyo kupita kiasi, huyamwaga tone kwa tone, ili kila tone liwahi kukauka kabla mwenzake hajaliona. Hilo nalo ni tendo, tena ni la woga na la adabu kwa pamoja. Mtunzi mwingine angewapa maneno mazuri, tukawaelewa upesi na kuwasahau upesi. Bujalski huiacha kamera ikae karibu na nyuso zao, na mtazamaji hana budi kufanya kazi ileile aifanyayo mchungaji ofisini mwake, pale kijana ajapo kuulizia cheti cha ubatizo hali lililomleta ni jambo jingine kabisa.

Kabla filamu haijaisha Alex anaoa. Amwoa Nina, mpenzi wake wa zamani, kwa ghafla, wala harusi hatuioni. Twaipata kama habari, mfano wa habari ya mtu aliyehama nyumba. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi wenye ujasiri kuliko yote katika kazi hii. Neno la pekee ambalo lilipasa lisifutike lasemwa mahali ambapo kamera haipo, na aliyelisema haonekani kubadilika nalo. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba vijana hawa wanaogopa ahadi. Wameona ahadi ikitolewa kwa wepesi uleule wa mzaha, na kusita kwao kwaweza kuwa namna ya kuiheshimu. Marnie mwenyewe huandika orodha ya maazimio, la kujifunza sataranji likiwa mojawapo. Ni maagano ya mtu na nafsi yake, pasipo shahidi. Sisi tulio wepesi wa kuhesabu ndoa zilizobarikiwa, ili taarifa ya mwaka ya usharika ipendeze, yatupasa kulitazama jambo hili polepole.

Hata hivyo ninayo hoja dhidi ya Bujalski, na waliomfuata wanaistahili zaidi. Kusita kuna gharama, na katika filamu hizi hatuonyeshwi nani anailipa. Karibu wote humo ni weupe waliosoma, na mji umekuwa kwao vyumba vya kukutania tu. Medicine for Melancholy, yaani Dawa ya Huzuni, iliyotoka mwaka 2008, yaliuliza swali hilo waziwazi. Ni filamu ndefu ya kwanza ya Barry Jenkins, aliyekuja kusifiwa duniani kote kwa Moonlight ya mwaka 2016, nayo ilitengenezwa San Francisco kwa takriban dola 15,000. Micah na Jo, Wamarekani weusi wawili, waamka katika nyumba ya watu baada ya sherehe. Wamelala pamoja pasipo kujuana hata majina. Jo aulizwapo ataja jina la uongo. La kweli Micah alipata katika pochi aliyoiacha Jo ndani ya teksi, naye ampelekea kwa baiskeli.

Rangi za picha zimefifizwa hata zikaribie nyeusi na nyeupe. Micah hawezi kunyamaza juu ya mji ambao watu weusi, kwa hesabu aitoayo yeye, wamebaki asilimia 7 tu. Jo, ambaye ana rafiki wa kiume mweupe aliyeko safarini, hakubali kuwa kielelezo katika hoja ya mtu. Kisha, usiku, Jenkins awaacha wote wawili kwa muda na kuigeuza kamera kwenye kikao cha wakazi wazungumzao juu ya udhibiti wa kodi za nyumba. Waweza kusema kwamba hapo filamu yakatika vipande viwili. Nami nasema hakuna mahali bora kuliko hapo, kwa sababu hao waogopao kupoteza makao hawamung'unyi. Sentensi zao zina mwanzo na mwisho. Micah naye husema sentensi zilizokamilika, ila yeye husema ili ashinde. Amtaka Jo awe jibu la swali la mji mzima, na mzigo huo ni mkubwa mno kwa mtu mliyefahamiana siku moja.

Asubuhi ya pili Jo aondoka na baiskeli yake. Hatuambiwi kama wataonana tena, na Jenkins hamlaumu Jo kwa kuondoka, wala hamhurumii Micah kupita kiasi kwa kubaki.