Zahanati Bila Mtu: Uhakiki wa Sera ya Watumishi wa Afya

Kila mwaka wa fedha unapokaribia, meza ya Afisa Utumishi wa Halmashauri hujaa nyaraka. Upo waraka wa ikama, upo wa vibali vya ajira, upo wa uhamisho, upo wa kupandisha madaraja, na sasa upo wa kupima utendaji kwa kompyuta. Kwa mizani ya leo, afisa mzuri ni yule anayezisoma upesi, anayejaza majedwali kwa wakati, na ambaye mkaguzi akifika hakuti jalada lenye upungufu. Makala hii inakusudia kuikosoa mizani hiyo. Hatumkosoi afisa, maana yeye naye hupimwa kwa karatasi kama anavyowapima wenzake.

Hoja yetu ni moja. Kwa miaka mingi sera ya watumishi wa afya ya umma imempima mfanyakazi kwa karatasi zake na si kwa kazi yake. Na kwa kuwa karatasi hukaa wilayani na kazi iko kijijini, kosa likitendeka wilayani anayelilipa ni mama mjamzito wa kijijini, ambaye hata hajui kwamba kulikuwa na waraka.

Tuanze na historia, maana bila historia nyaraka hizi huonekana kama zimeshuka kutoka mbinguni. Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Mwalimu Nyerere aliikumbusha dunia hesabu hiyo hata baada ya kung'atuka. Chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963, lakini daktari hapikwi kwa siku moja, na wananchi wa vijijini hawakuweza kuahirisha malaria mpaka wahitimu wapatikane. Kwa hiyo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 njia iliyofuatwa ilikuwa kumchukua kijana aliyemaliza shule ya msingi, kumfundisha miaka 3, na kumpeleka zahanati akiwa mganga msaidizi wa vijijini. Pembeni yake alikuwapo mhudumu, aliyefundishwa kazi akiwa kazini: kuchemsha vyombo, kufunga vidonda, kupima uzito wa watoto, na mara nyingi kushika taa usiku mkunga anapozalisha. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kuchimba vyoo, isingekuwa na miguu kama si watu wa aina hiyo.

Tusiipambe mno enzi hiyo. Dawa zilikuwa zikiisha kabla ya mwezi kwisha. Wahudumu wa afya wa vijiji waliachiwa vijiji viwalipe, na vijiji vyenyewe havikuwa na kitu, wakarudi mashambani mmoja mmoja. Lakini kanuni ya enzi hiyo ilikuwa sahihi: kwanza iulizwe ni kazi gani inayotakiwa kufanyika mahali fulani, halafu ndipo atafutwe mtu na afundishwe kazi hiyo.

Kanuni hiyo iligeuzwa. Mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986 na yaliyofuata yaliufanya mshahara wa mtumishi kuwa namba ya kupunguzwa. Mapema katika miaka ya 1990 ajira mpya serikalini zilibanwa na watumishi wakapunguzwa. Mwaka 1993 mgonjwa naye akaanza kuchangia gharama hospitalini. Ndipo msamiati ukabadilika pia. Idara zilizokuwa za utumishi zikawa za usimamizi wa rasilimali watu. Wapo watakaosema kwamba hilo ni neno tu. Sisi tunaona kuna jambo ndani yake. Azimio la Arusha liliwahesabu watu miongoni mwa mambo ambayo maendeleo yanayahitaji, lakini watu hao hao ndio waliokuwa pia lengo la maendeleo yenyewe. Rasilimali haiwi lengo. Rasilimali hutumiwa, hupunguzwa, huhamishwa, na ikipungua huandikwa katika safu ya upungufu.

Mfano mkubwa wa kanuni iliyogeuzwa tuliuona kati ya mwaka 2016 na 2018. Serikali ilianza kwa kuwasaka watumishi hewa, na hilo lilistahili kuungwa mkono bila kigugumizi, kwa maana mshahara wa mtu asiyekuwapo ni wizi wa dawa ya mtu aliyepo. Ukafuata uhakiki wa vyeti. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, ilitangazwa orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Hapa pia hatuna utetezi: anayeghushi cheti ili ashike sindano anacheza na roho za watu. Ugumu ulikuwapo kwa yule aliyetumia cheti cha kidato cha nne cha ndugu yake, kisha akasoma uuguzi chuoni kwa haki, akafaulu kwa akili zake na kuhudumu miaka 15. Sheria ilimwona mghushi, nayo haikukosea. Ila hakuna jedwali lililouliza ni nani atakayezalisha wanawake wa tarafa yake kuanzia Jumatatu.

Lililokuja baadaye ndilo tunaloliita kosa la nadharia. Waraka wa mwaka 2004 ulikuwa umeweka kidato cha nne kuwa kiwango cha chini cha kuingia katika utumishi wa umma. Katika wimbi la uhakiki, watumishi wa darasa la saba waliondolewa kwenye orodha ya mishahara, wakiwamo wale walioajiriwa kabla ya waraka huo kuwapo. Hawa hawakughushi chochote. Hawakudai kuwa na cheti ambacho hawakuwa nacho. Waliajiriwa na dola wakiwa na elimu ambayo dola yenyewe iliitaka, na wengi wao walikuwa wahudumu wa afya katika zahanati ambazo pengine zilikuwa na mtumishi mmoja mwingine tu. Mwezi Aprili 2018 Serikali ilielekeza kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe kazini. Lilikuwa sahihisho jema. Lakini kwa miezi iliyopita kati ya kuondolewa na kurudishwa, zahanati ziliendelea na kazi bila mikono hiyo.

Mwandishi wa makala hii alikuwamo katika kikao cha wilaya moja ambako orodha ya walioondolewa ilisomwa kama taarifa ya mafanikio. Tulipiga makofi. Hakuna kati yetu aliyenyoosha mkono kuuliza zahanati ipi imebaki na nani. Tulikuwa tumezoea kuuliza kama maagizo yametekelezwa, na yalikuwa yametekelezwa.

Kosa hilo halikutoka kwa adui wa wafanyakazi. Lilitoka kwa watu waaminifu waliokuwa wakitekeleza waraka halali. Huo ndio urasimu ulio mgumu kuliko yote kuupiga vita. Mla rushwa hukamatwa, lakini mtu anayetekeleza waraka bila kuuliza unamwangukia nani hupandishwa daraja.

Sasa tuiangalie ikama yenyewe, ambayo ndiyo msahafu wa Afisa Utumishi. Ikama ya Wizara ya Afya ya mwaka 2014 hadi 2019 iliitaka zahanati kuwa na watumishi wasiopungua 15, na kituo cha afya wasiopungua 39. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulikuwa umekwisha kuweka lengo la zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Msomaji na achukue kalamu. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000. Kwa kipimo hicho zahanati peke yake zingehitaji watumishi 180,000, kabla ya kumhesabu muuguzi hata mmoja wa hospitali. Majengo yanaweza kuinuliwa kwa nguvu za wananchi, na mengi yameinuliwa hivyo, kwa mchanga uliobebwa na akina mama kichwani. Muuguzi hainuliwi kwa mchanga.

Wengine hudhani kwamba ubaya wa ikama kubwa ni kuwakatisha watu tamaa. Ubaya wake ni kwamba haimlazimishi yeyote kuchagua. Ikiwa kila zahanati ya wilaya ina upungufu, yenye watumishi 2 na yenye watumishi 8 zote zinaandikwa katika safu moja yenye wino mwekundu, na afisa anaweza kumpeleka mtumishi mpya karibu na barabara ya lami akasema, bila uwongo, kwamba amepunguza upungufu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1998, na kurekebisha mwaka 2010, njia ya kukadiria watumishi kwa uzito wa kazi badala ya aina ya jengo. Huhesabiwa wagonjwa, wazazi na chanjo, hukadiriwa muda ambao kila kazi inachukua, ndipo idadi ya watumishi ipatikane. Njia hiyo inasogea karibu zaidi na kanuni tunayoitetea, na makada wanaosomea utawala wangefaa kuijua vizuri. Hata hivyo ina mtego. Palipo na mtumishi mmoja anayefunga mlango kila akienda wilayani kufuata mshahara au dawa, wananchi huacha kuja. Daftari huonyesha wagonjwa wachache. Hesabu husema kazi hapa ni ndogo, mtumishi mmoja anatosha. Kwa njia hiyo uhaba hujithibitisha wenyewe kwa takwimu. Tiba ya mtego huo haimo katika fomula. Imo katika kwenda kuuliza kijijini: wanawake wangapi walijifungua mwaka jana, na wangapi walijifungulia zahanati?

Kuhusu kupima utendaji tutasema kwa kifupi, maana jambo lenyewe si zito kama linavyofanywa kuwa. Mfumo wa OPRAS ulioanza mwaka 2004 ulimtaka kila mtumishi akubaliane na mkuu wake malengo ya mwaka. Fomu zilijazwa mwezi wa Juni, nyingine kwa kunakili za mwaka uliotangulia. Mfumo wa PEPMIS ulioanza kutumika mwaka wa fedha wa 2023/24 umeyahamishia mambo hayo kwenye kompyuta na kuyafanya ya mara kwa mara. Kwa karani wa makao makuu ni maendeleo. Kwa muuguzi aliye peke yake zahanati, ambaye lazima kwanza atafute mtandao, ni kazi ya nyongeza isiyomtibu mtu. Na tukumbuke kwamba upandaji wake wa daraja unategemea hayo anayoyajaza. Anayefanya kazi nyingi kuliko wote ndiye mwenye muda mdogo kuliko wote wa kuithibitisha.

Hapo tunafika kwenye swali ambalo nyaraka huligusa kwa nadra: kubaki. Sera yetu inajua kuajiri. Mwezi Machi 2017, madaktari wa Kenya wakiwa wametoka katika mgomo wa siku 100, nchi hiyo iliomba madaktari 500 wa Tanzania. Shauri lilipofunguliwa katika mahakama ya Kenya na mpango kukwama, Rais Magufuli aliagiza madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda huko waajiriwe nyumbani. Makada wengi walifurahi, nasi tulifurahi. Lakini tukio hilo lilifichua kitu: tulikuwa na madaktari waliosomeshwa, wasio na ajira, katika nchi ambayo zahanati zake zililia upungufu. Hawakuwa wamekosa nia wala cheti. Kilichokosekana kilikuwa kibali na fungu la mishahara.

Na akiisha kuajiriwa? Anafika kwenye halmashauri na sanduku lake, posho ya kujikimu haijaingia, nyumba ya mtumishi ina popo, na mwenzake wa pekee yuko likizo ya uzazi. Miezi michache baadaye anaandika barua ya kuhama kwa sababu za ndoa au ugonjwa. Sababu hizo mara nyingine ni za kweli. Afisa anayejua kazi yake angeweza kufanya mengi bila kusubiri waraka wowote: kuwapanga wawili wawili badala ya mmoja mmoja, kuitaka serikali ya kijiji itengeneze nyumba kabla mtu hajafika, kulipa malimbikizo ya walioko mbali kwanza na ya walioko makao makuu baadaye. Hili la mwisho litamletea maadui, kwa sababu walioko makao makuu ndio wanaopita mlangoni pake kila asubuhi.

Tarehe 31 Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafundisha na kuwatumia zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Mwenye kuijua historia tuliyoieleza atatambua kwamba kanuni ya zamani imerudi: mtu wa mahali pale, anayefundishwa kazi ya mahali pale. Ndiyo maana mpango huu unastahili kulindwa dhidi ya makosa ya zamani pia. Hao wanalipwa posho. Posho si mshahara. Haina daraja, haina pensheni, na wafadhili wakibadili mawazo, ndiyo ya kwanza kukatika. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itamfanya mwananchi aje zahanati akiwa na haki aliyoilipia. Atataka kumwona mtu.

Jedwali la ikama la kila halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya bajeti kupitishwa, na madiwani huletewa pamoja na makabrasha mengine mazito, likiwa na jumla tu. Kada aliye diwani, au mwanafunzi aliye katika mafunzo ya vitendo, na aliombe likiwa limegawanywa zahanati kwa zahanati, lenye majina ya vijiji, idadi ya walioko kazini leo, na tarehe ambayo mtumishi wa mwisho alihama. Hakuna waraka unaokataza jedwali la namna hiyo.