Washauri wa Atlanta

Chuo Kikuu cha Georgia State, jijini Atlanta, Marekani, kinastahili pongezi. Tangu 2012 kompyuta zake hupekua rekodi za wanafunzi kila siku, zikisaka dalili zaidi ya 800 za kuteleza. Lakini kazi yenyewe hufanywa na watu, na chuo kiliajiri washauri 42 zaidi.

Zamani mwanafunzi wa sayansi ya siasa akipata C katika kozi ya kwanza aliachwa aendelee; si amefaulu? Siku hizi C hiyo ni dalili, na mshauri humwita mapema. Wanaifungua ratiba pamoja: analala saa ngapi, anafanya kibarua usiku, uandishi unampiga chenga? Hakemewi, na huo ndio ustadi wenyewe.

Hata aliyejiandikisha katika kozi isiyo ya shahada yake hutafutwa kabla muda wa kubadilisha haujapita.